Kapiteni Aliyekufa Kasongo Akaishi Kabambare

Aziza binti Ramazani alikuwa mshonaji wa Kasongo, na mashine yake ilikaa barazani, hatua chache kutoka sokoni. Watu walimjua kwa mambo mawili: suruali aliyoishona haikupasuka, na neno aliloliandika halikufutika. Tangu redio ya mtaa ianze kutangaza mchezo wa Mtumbwi wa Nyota, kila Alhamisi na Jumapili baada ya alasiri, aliweka kaye yake, daftari nene, kando ya mkasi akaandika yote: nani kazaliwa sayari gani, nani kamwoa nani, chombo kina milango mingapi.

Mchezo huo ulitungwa na Théophile, mwalimu wa fizikia, mtu mpole aliyezijua nyota kama wengine wanavyowajua mbuzi wao. Sehemu thelathini za kwanza zilikuwa tamu. Kapiteni Nyange, mwanamke wa maneno machache, alipeleka chombo chake sayari hadi sayari akitafuta udongo ambamo mpunga ungeota. Akisema yeye, mji mzima ulinyamaza. Kisha Théophile akahamishiwa Kindu. Aliondoka na kichwa chake, na mambo yote yaliyobaki ya hadithi yalikuwa humo kichwani. Direkta wa redio, Clovis, hakutikisika. Alimpa kalamu kila mwenye mkono.

Na mkono ndio uliomtoa Aziza nyumbani.

"Direkta," alisema akifungua kaye mezani kwa Clovis, "Kapiteni Nyange alikatwa mukono wa kushoto mu sehemu ya kumi na mbili. Jana amepiga makofi. Alipiga na nini?"

Clovis alifikiri. "Pengine alipiga ku meza."

"Mulisema makofi."

"Mama Aziza, weye uko mutu wa maana sana," alisema Clovis, na siku hiyohiyo akamwandikia barua ya kumfanya Mlinzi wa Ukweli wa Mtumbwi wa Nyota. Barua haikutaja malipo, lakini muhuri wake ulikuwa mkubwa.

Kumbe ukweli una kazi kuliko nguo za Idi. Shirika moja la afya liliomba sehemu ya kufundisha watu kunawa mikono, na waandishi wakawachagua Wakoloko, viumbe ambao Théophile aliwaumba bila mikono, wanaoshika vitu kwa masikio. Wakoloko walipanga mstari, wakaimba, wakanawa mpaka viwiko.

"Watu wa shirika walikuja na sabuni, mama," Clovis alijitetea. "Ningewaambia wanawe masikio?"

Kule Salamabila, mwenye shimo la dhahabu mmoja aligharimia sehemu tatu zake mwenyewe. Humo kapiteni alitua mwezini akakutana na tajiri mkarimu, mzuri wa sura, mwenye jina sawasawa na la mwenye shimo, naye akamwokoa mara tano. Wanakwaya wakatunga yao, kapiteni akabatizwa. Wiki ya pili vijana wa karibu na msikiti wakatunga yao, kapiteni akaenda kuhiji. Aziza, Mwislamu tangu mababu, aliandika tu katika kaye: "Tarehe hazipatani."

Halafu Laura, binti aliyeigiza sauti ya kapiteni, akaolewa akamfuata mumewe mbali. Clovis hakupata sauti nyingine, basi katika sehemu ya sitini na moja chombo kikaanguka ndani ya jua, na Kapiteni Nyange akaungua. Kasongo ililia. Watu watatu walimletea Aziza kitambaa cheusi awashonee.

Nguo hizo hazijaisha, Déo, dereva wa pikipiki, akarudi kutoka Kabambare na habari. Huko nako kulikuwa na redio ndogo iliyoendeleza mchezo kivyake, na Jumamosi iliyopita yeye mwenyewe, kwa masikio yake, alimsikia Kapiteni Nyange akigomba juu ya uji uliopoa.

Aziza aliomba barua nyingine yenye muhuri, akapanda nyuma ya Déo. Njia ilikuwa matope matupu, ikawala siku mbili.

"Miye nafikiri iko na pacha," Déo alisema walipokuwa wakisukuma pikipiki kilimani.

"Hana pacha. Sehemu ya nne ilisema mama yake alizaa mara moja tu."

"Pacha wanazaliwa mara moja, mama."

Aziza alifungua kaye palepale kilimani, akaandika alama ya kuuliza.

Aliyekuwa anaandika mchezo wa Kabambare, na kuwa kapiteni wake pia, ni mama mmoja mkulima aitwaye Mathilde. Walimkuta nyuma ya nyumba yake akimenya mihogo. Aziza alisalimia, akapewa kiti, akatoa barua.

"Kapiteni amekufa," alisema.

Mathilde alisoma barua yote pamoja na muhuri, akaikunja vizuri. "Poleni sana huko Kasongo. Huku iko muzima."

"Mutu hawezi kufa Kasongo akaishi Kabambare!"

"Weye ulimuzika?"

"Aliungua ndani ya jua. Hakukubaki kitu cha kuzika."

"Haya basi," alisema Mathilde, akachukua muhogo mwingine. "Leo kuna kipindi. Kaa usikilize, halafu unikamate."

Saa kumi Aziza aliketi kwenye baraza la duka, katikati ya wanawake waliotoka mashambani na majembe yao, kalamu tayari. Hadithi ilianza, na makosa yakaanza nayo. Chombo kilikuwa na milango mitatu badala ya mitano. Jua lilichomoza mara mbili. Kufika robo saa alikwisha andika makosa kumi na manne, na mkono ulimwasha kwa furaha.

Hapo kapiteni akafika kijijini kwa mama wa mpishi wake. Mpishi alikuwa amekufa sayari ya mbali, na kapiteni alikuja kusema. Aziza akaandika: "Kosa la kumi na tano. Mpishi alikuwa yatima." Mama mtu hakuuliza kilichomleta. Alimtengea mgeni wali na sombe ya majani ya muhogo, akamwuliza kama kule juu mwanawe anakula vizuri. Redio ikanyamaza kidogo, mpaka mtu mmoja akadhani betri zimekwisha. Kisha sauti ya Mathilde ikasema, "Anakula, mama." Kikasikika kijiko. Kapiteni alikula sahani nzima, akashukuru, akaondoka bila kusema alichokuja kusema.

Barazani wanawake waliweka majembe chini. Wengi wao walijua maana ya kungoja habari za mwana. Aziza alitazama kaye yake, akaona maandishi yamelowa.

Alirudi Kasongo na wazo kubwa: ataandika mwenyewe sehemu moja itakayoyapatanisha yote. Alifunga mashine wiki tatu. Mkono wa kapiteni ukawa umeota kwa dawa ya Kikoloko. Mikono ya Wakoloko ikawa ya kuazima. Ubatizo na hija vikawekwa kwenye kalenda za sayari mbili. Mpishi akapata mama wa kulea, na jua likapata mlango mdogo wa nyuma ambao kapiteni alitokea. Sehemu hiyo ilichukua dakika hamsini na haikuwa na kosa hata moja.

Faradji, mumewe, alilala dakika ya nane, mdomo wazi. Kufika dakika ya ishirini sokoni hakukuwa na redio iliyobaki kwenye mchezo ila moja, na mwenyewe alikuwa amekwenda kuoga. Kesho yake Théophile, aliyekuwa ametumiwa nakala, alipiga simu kutoka Kindu.

"Mama Aziza, nimehakikisha kila kitu. Hakuna kosa."

"Asante, mwalimu. Na mwisho uliupenda?"

Mwalimu alikohoa. "Mwisho sikufika."

Aziza alikasirika siku mbili, akashona mashati sita. Siku ya tatu alikwenda kwa Clovis akamrudishia barua yake. Akamshauri waache kutunga, wachukue mchezo wa Kabambare wautangaze kama ulivyo. Clovis hakukubali hivihivi, maana alikuwa direkta. Aliitisha mkutano, kukawa na katibu na soda, na ukapitishwa uamuzi wa kurasa mbili kwamba Kapiteni Nyange ni marehemu rasmi ndani ya Kasongo na ni mzima rasmi ndani ya Kabambare, na kwamba redio ya Kasongo itatangaza, kwa ruhusa maalumu, habari za marehemu baada ya kufa kwake. Watu walisikiliza. Uamuzi wenyewe hakuna aliyeusoma.

Siku hizi, kabla ya kutangaza sehemu mpya, Mathilde huipeleka kwanza kwa Aziza kwa pikipiki ya Déo. Aziza huisoma akiwa na kalamu nyekundu, huirudisha na makosa ishirini, na Mathilde husahihisha manne. Hugombana kwa simu. Mwezi uliopita waligombana juu ya sufuria ya maharage: kama yanaweza kuiva mwezini, mahali pasipo hewa. Aziza alimpigia Théophile, akapata maelezo ya fizikia, akayasoma yote kwa Mathilde.

"Kwa hiyo hayaivi," alimaliza.

"Na watoto wa chombo watakula nini?" aliuliza Mathilde.

Aziza alisoma tena ukurasa ule, polepole, pale watoto wanapongojea sufuria, sahani mikononi. Alifunika kalamu nyekundu.

"Acha yaive," alisema. "Lakini uongeze chumvi, hujaandika chumvi."