Kasha Nyuma ya Trekta

Trekta lile nililinunua kwa ujinga, na sioni haya kusema. Hoteli moja ya Paje ilikuwa ikiliuza kwa kuwa imepata jipya, na mimi, seremala wa Mji Mkongwe ambaye karakana yangu iko kwenye kichochoro kisichopitisha hata mkokoteni, nikajiona nimeokota dodo. Ni dogo, kiti kimoja, na nyuma lina mikono ya chuma inayopanda na kushuka ukivuta wenzo. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Utalilaza wapi?" Nikaliacha huko huko Paje, uani kwa dada yangu, likakaa karibu mwaka mzima kuku wakitagia chini ya kiti.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki sijaanza hata kwenda chuoni kusoma Kurani. Mwani wa dada ndio ulionivisha, na ndio ulioninunulia randa yangu ya kwanza. Basi goti lake la kulia lilipoanza kumkatalia, niliumia kuliko nilivyomwonyesha. Kuingia baharini aliweza, kufunga mbegu kwenye kamba aliweza, kuvuna aliweza. Kilichomshinda ni kupandisha magunia ya mwani mbichi, maji yanachuruzika mgongoni, mchanga laini unammeza mguu kila hatua.

Kazi ya mwani hufanywa siku za bamvu, bahari inapotoka mbali na kuacha wazi vigingi vinavyoshika kamba za mwani. Siku moja nilipokwenda kumtazama, nikamkuta amekaa na bi harusi wa nyumba ya jirani, msichana mwenye bidii asiyekuwa na sehemu yake baharini. Baada ya shikamoo na marahaba, dada akaniambia mbele yake:

"Huyu nshamuahidi. Bamvu la tatu kutoka sasa, nisipoweza kupandisha mwani wangu mwenyewe, vigingi vyangu vyote nampa yeye. Siwezi kukaa na sehemu ya bahari nisiyoifanyia kazi, na mwenzangu hana."

"Dada, na trekta lile pale?"

"Lile la kuku?"

Nikamwambia nitalitengenezea kitu cha kubebea nyuma. Tela halikuwezekana, bei aliyonitajia fundi wa kuchomea ilinifanya nimuage kwa heshima na kuondoka. Lakini mbao za mfenesi nilikuwa nazo, mabaki ya nyumba iliyobomolewa, na vyuma vya kitanda kibovu vya kushikizia kwenye ile mikono. Nikapima, nikachora, nikarudi mjini na furaha yangu.

Sasa, mimi ni fundi wa makasha. Makasha yale ya kuwekea nguo za harusi, yenye misumari ya shaba na maua ya kuchonga. Nilipoanza kazi ile, mikono ikafanya ilichozoea. Pembe nikaziunganisha kwa meno, moja baada ya moja, zikashikana hadi sindano haipiti. Waliopita karakanani wakasimama. "Mashaallah fundi, hili la nani?" Nikisema ni la trekta wanacheka, kisha wanasifu tena. Nikaanza kuchonga maua ubavuni. Mgema akisifiwa, nyinyi mnajua.

Bamvu la kwanza likapita. Dada akapiga simu.

"Limekwisha?"

"Linakaribia."

"Mie nimetaka cha kubebea mwani, si cha kutilia nguo za bi harusi."

"Dada, kazi nzuri haitaki haraka."

Akaniuliza habari za watoto. Bamvu la pili likapita nikiwa kwenye ubavu wa pili. Ningeweza kuacha. Hakuna aliyeniomba maua, wala samaki wala kaa wa Paje hakuwa akiyangoja. Lakini nilitaka wanawake wa pwani waone dada yangu ana ndugu wa namna gani.

Bamvu la tatu nikafika na kasha kwenye gari ya kukodi. Tukalifunga kwenye mikono ya trekta, likakaa sawasawa. Wanawake wakalizunguka, wakapapasa maua, wakapiga vigelegele vya utani. Dada naye alitabasamu, ingawa alilitazama sana chini, kwenye sakafu ya kasha. Nikaendesha hadi yalipo maji. Yeye na bi harusi wa jirani wakapakia magunia sita, nikavuta wenzo, kasha likapanda.

Nilikuwa nimetengeneza kasha lisilopitisha maji. Kwa nguo za harusi ni sifa. Lakini mwani ukitoka baharini unatoka na maji yake, na yale maji yakashuka kutoka kwenye magunia yakakuta sakafu imeziba, yakakaa humo humo. Nilipoanza kupanda mteremko wa pwani, magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Nikakata usukani kulia, trekta likaenda moja kwa moja. Nikakata kushoto, vivyo hivyo. Kisha likasimama, pua juu, magurudumu ya nyuma yakijichimbia mchangani, na maji ya bahari yameanza kurudi.

Sikumbuki nani alicheka. Nakumbuka dada hakucheka. Akaingia nyuma, akaanza kuteremsha magunia, moja akajitwika mwenyewe kabla sijamfikia. Alikwenda hatua kama kumi, goti likakunjika, akakaa chini mchangani na gunia mapajani. Bi harusi wa jirani akaja akalichukua. Tukalinasua trekta, na magunia mengine nikayabeba mimi na wale wanawake.

Kesho yake, mapema, dada alishuka pwani pamoja na yule msichana, akamkabidhi vigingi vyake, mstari kwa mstari, vya mwanzo hadi vya mwisho. Nilimsihi usiku uliotangulia. Nikamwambia nipe bamvu moja tu. Akaniambia, "Ahadi ni deni, na wewe ni shahidi, niliitamka mbele yako." Nilikasirika, nikasema maneno ya ukaidi ambayo siyarudii hapa. Hasira yenyewe ilikuwa ni yangu kwangu.

Mchana nikakuta amelipindua kasha uani. "Lete msumeno," akaniambia. Nikaikata sakafu yote, kazi ya mwezi na zaidi, vumbi la mfenesi likarukia maua. Akatoa kamba za usumba wa nazi alizosokota mwenyewe, akanifundisha kutoboa matundu pembezoni, kisha akawamba sakafu mpya kama kinavyowambwa kitanda cha kamba, akivuta kwa mguu mzima na kukaza kwa ncha ya mkasi. Kazi ya saa mbili. Akamimina ndoo ya maji juu yake; yakapita yote. Mbele ya trekta tukafunga magunia mawili ya mchanga.

Bamvu lililofuata nilirudi. Trekta lilipandisha magunia sita kutoka majini bila kuinua pua, maji yakidondoka njia nzima nyuma yangu. Mwani haukuwa wa dada tena. Alikuwa akitusubiri kwenye vichanja vya kuanikia, akatia mkono ndani ya gunia, akautazama mwani, akamwambia bi harusi wa jirani, "Huu umeuvuna mchanga, mwanangu. Ungeuacha wiki nyingine." Kisha akaanza kumsaidia kuuanika.

Mimi alinigeukia baadaye, tulipobaki wawili.

"Ungekuja nalo hivi bamvu lile," akasema, "vigingi ningekuwa navyo mpaka leo."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

"Nisamehe, dada."

Akanisogezea gunia jingine. Tukaanika mwani hadi gunia la mwisho. Kule chini wanawake wengine wawili walikuwa wamerundika magunia yao kando ya maji, wanatupungia mkono, nao wanataka kupandishiwa.

"Mjini unarudi lini?"

"Kesho asubuhi. Nna kazi ya watu."

"Na hawa nani atawapandishia?"

Akafuta mikono kwenye kanga, akashika ukingo wa kasha, akajivuta taratibu kwa mguu wake mzima mpaka akakaa kwenye kiti cha trekta.

"Haya," akasema. "Nionyeshe breki iko wapi."