Majina Yaliyokwisha Kabla ya Ujumbe

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu. Nilikuwa binti mgeni kazini, katika ofisi ya chama cha wavuvi pale Rusimbi. Nilikuwa nimeandika programu ya kuwatumia wavuvi onyo la upepo kwenye simu zao, na kila mtu alinipongeza. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Programu ile ilitoa majina ya wavuvi moja baada ya jingine. Lugha ya kompyuta ina visaidizi vilivyoandikwa tayari kwa kazi hiyo, nami nilivipenda kupita kiasi! Kimoja kinachuja, kinabakiza wavuvi wa Kagunga na mialo ya jirani wanakotia mitumbwi. Kingine kinageuza kila jina kuwa ujumbe. Unaviunganisha tu, majina yanapita yenyewe. Nikaongeza na cha kuhesabu, ili skrini ionyeshe idadi nami nijishaue.

Siku hiyo upepo mkali ulitabiriwa. Nikabonyeza. Watu mia mbili na kumi, ikasema skrini, bila kulalamikia kosa lolote. Nikampigia kaka yangu Hamisi, mvuvi wa Kagunga, anipe sifa zangu.

"Ujumbe gani, mdogo wangu? Hatujapata kitu. Hapa tunapakia taa za kuvulia usiku, tunaingia ziwani sasa hivi."

Nikamsihi awazuie wenzake, lakini wa mialo mingine nani angewaambia?

Katibu wetu, Mama Zaituni, hakujua kompyuta, ila alikulia kwenye dagaa. Nilipomweleza, akaniuliza, "Programu yako inaanza na nini?"

"Nawahesabu, mama, halafu nawatumia."

"Na ukishawahesabu, wanakuwa wapi?"

Nikairudia programu yangu mstari kwa mstari. Majina yale hayakai kwenye orodha, hupita mara moja tu, na maji yakimwagika hayazoleki. Kuhesabu kulikuwa kumeyamaliza yote, kutuma kukakosa wa kumtumia.

"Sisi mabeseni ya dagaa tunapokezana toka mtumbwini mpaka kwenye chanja za kuanikia," akasema, sasa kwa ukali. "Anayehesabu anasimama katikati, anahesabu huku akipitisha. Na kwa nini hukuuliza mapema, binti? Wale ni watoto wa watu!"

Nikaweka kisaidizi cha kuhesabu kila jina linapopita, nikaanza upya. Nikabonyeza. Mara majibu yakamiminika: tumepata, tumepata, tunarudi! Mama Zaituni akanikumbatia, tukarukaruka kama wehu. Upepo ulipofika haukukuta mtumbwi hata mmoja ziwani.

Basi mwanangu, visaidizi hivyo vitumie kwa furaha, usijichoshe kuandika upya kilichokwisha andikwa. Ila kijue kila kimoja kinachukua nini na kinaacha nini. Na skrini ikinyamaza, usiseme kazi imekwisha. Mpigie anayeusubiri ujumbe. Kuuliza si ujinga.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe akili nyepesi na masikio mazito kwa sifa, na kila anayeitegemea kazi yako arudi nyumbani kwake salama.