Tulivyomsindikiza Gavana

Gavana wa kaunti yetu alipokuja huku ughaibuni, Birmingham, tulimkaribisha katika ukumbi wa kanisa kule Northfield. Nilifika nikiwa na yunifomu yangu ya kutunza wazee chini ya koti, na hasira tele moyoni. Kiwanda cha pamba alichokuja kukipigia debe ndicho baba yangu alichofanyia kazi hadi kilipofungwa. King'ora chake ndicho kilichokuwa kikituamsha kwenda shule.

Gavana alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mashine mpya zinakuja, wakulima watarudi kupanda pamba, na uchumi wa kaunti utafufuka. Akatusihi tuwekeze, tena tuwalete watoto wetu nyumbani, maana kazi zitakuwepo. Watu walipiga makofi. Mimi nilikunja mikono.

Kwetu mgeni hatoki peke yake, hata kama amekuudhi. Basi nikamsindikiza hadi kwenye gari, nimebeba chapati ambazo akina mama walimfungia. Njiani nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia kuhusu baba. Tulipofika alisimama, akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, binti yangu alimaliza unesi mwaka jana na mpaka leo hajapata kazi. Huku wanachukua watu?"

Nilimkabidhi zile chapati.

"Wanachukua, Mheshimiwa," nikamwambia.