Ufagio Usiomngojesha Mtu

Vasiti Ravouvou alikuwa na kanuni moja: mhudumu akiwa peke yake, kazi ya pembeni isimngojeshe mgeni. Wengi huitaja kanuni hiyo mradi haiwagusi. Yeye aliishika hata ilipomuuma.

Programu aliyoitunza ofisini Suva, mji mkuu wa Fiji, ilipokea miito ya msaada kutoka kwa mashua za visiwani. Ilikuwa kama mtu wa mkono mmoja, haikuweza kushika mawili pamoja. Kila dakika ilifagia orodha ya mashua zilizo majini, ikiondoa zilizokwisha kutia nanga. Ijumaa moja waliijaribu, ufagiaji ukarefuka hadi zamu ya pili ikaparamia ya kwanza, na mwito wa majaribio ukakaa mlangoni bila wa kuupokea.

"Zima huo ufagio," alisema bosi wake, Narayan. "Dhoruba inafika kisiwa cha Kadavu Jumatatu, na wewe jioni hii una boti ya kwenda kwenu Levuka. Si mdogo wako anaoa kesho?"

"Nikiuzima, bosi, waokoaji watasaka mashua zilizolala bandarini. Na aliye majini kweli?"

"Haya, mtakatifu. Tunyweshe kwanza."

Kuchanganya kava ya Ijumaa, kinywaji cha mizizi iliyosagwa, ilikuwa zamu ya Vasiti. Alichota; Narayan akapiga kofi moja, kama ilivyo desturi, akapokea kifuu. Narayan akiwa anakunywa, Vasiti alilikoroga beseni mara moja, mashapo yasikae chini, kisha akachota tena. Mkono ukasita.

"Bosi, umengoja nikoroge?"

"Nimepiga kofi, umenipa. Ningoje nini?"

"Na beseni limekorogwa."

"Anayeoa mdogo wako, anayeota wewe. Lete kifuu."

Hakuleta. Alirudi mezani akaandika upya. Programu ifagie mashua chache, itazame kama kuna mwito, ndipo iendelee. Dakika ya zamu mpya ianze kuhesabiwa baada ya zamu iliyotangulia kumalizika. Taarifa mbovu ya mashua moja iwekwe kando, isiangushe ufagiaji mzima. Saa ya boti ikapita, na Jumamosi ikamkuta bado anajaribu.

Jumatatu bahari ilichafuka. Miito ilimiminika, na kila mmoja ulipokelewa ulipobisha, huku orodha ikibaki safi. Waokoaji hawakwenda hata mara moja mahali pasipo na mtu. Jioni, mashua ya mwisho ilipovutwa hadi gati, Narayan alipiga makofi matatu, yale ya aliyemaliza kifuu.

"Mtakatifu, leo nakukorogea mimi."

Vasiti akacheka, akaketi mkekani, akapokea.

Mdogo wake alikuwa mmoja tu. Alioa Jumamosi, na dada yake hakuwepo.