Njahi za Oktoba

Siku hizi nikitembelea jamaa zangu Eldoret, wananipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha sukuma waliyopanda kwenye magunia, na hakosi mmoja wa kuniambia kwamba bustani inatuliza moyo. Huwa naitikia kwa kichwa tu, sitaki ubishi na watu walionipikia chai. Mimi bustani hainitulizi. Nikiona mche mchanga umechomoza kwenye udongo mkavu, nageukia upande mwingine, na sababu yake ni shosho, mama yake baba, na njahi, maharagwe meusi ya kwetu, alizopanda mwaka ule tuliohamia.

Tulifika mwezi wa Septemba, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa mwanachama wa kampuni ya watu wa kwetu waliochanga na kununua shamba la mzungu upande wa Langas, na kura ilipopigwa tukaangukia kipande kilichokuwa malisho ya ng'ombe. Hapakuwa na nyumba wala mti wa matunda. Palikuwa na mstari wa mikaratusi, ua wa waya, na upepo uliotoka mbali bila kuzuiwa na mlima wowote. Sisi tulikuwa watu wa milima na mabonde. Uwanda ule ulinitia huzuni tangu siku ya kwanza, ingawa kila mtu aliniambia nifurahi kwa sababu ni wetu.

Shosho alifurahi kweli. Kabla baba hajamaliza kupigilia mabati, aliketi juu ya gunia la viazi, akageuza upindo wa gauni lake na kuomba wembe.

Upindo ule nilikuwa nimeujua maisha yangu yote. Ulikuwa mzito, na ukimkumbatia shosho miguuni ulisikia vitu vidogo vigumu ndani yake. Vilikuwa ni njahi, zile nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nyumba yake ilipochomwa na wakahamishiwa kijiji chenye handaki na lango la askari, alitoka amevaa gauni moja, na mbegu alizopewa na mama yake zikiwa zimeshonewa ndani ya upindo. Askari walimpekua, hawakuziona. Tangu hapo, kila msimu alipanda njahi zake popote alipopata kipande, hata kama ni ukingo wa njia, akavuna, kisha akachagua konzi moja ya mbegu nzuri na kuirudisha katika upindo. Nyingine alizichanganya na majivu na kuziweka kwenye kibuyu. Gauni likichakaa, njahi zilihamia gauni jipya.

Siku ile alipasua upindo mbele yetu sote. Njahi zilimwagika mapajani, naye akaziokota moja moja na kuzitia ndani ya kibuyu pamoja na zile nyingine.

"Anayeficha ni mwizi," alisema. "Mimi niko kwangu. Zote zinaingia shambani."

Mama alikuwa mjamzito, na mimba hiyo ndiyo iliyomtia shosho haraka. Kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi. Zinapondwa pamoja na ndizi mbivu, naye anakula kwa wiki nyingi mpaka damu irudi na maziwa yatiririke. Wake wote wa ukoo wetu walikuwa wamepikiwa njahi na shosho kwa mkono wake mwenyewe, na wala si njahi za kununua. Mama alitarajiwa kujifungua mwezi wa Machi, na kibuyu kile kilitosha mbegu tu, hakikutosha hata sufuria mbili. Kwa hiyo ilikuwa lazima njahi zipandwe mvua ya Oktoba na zivunwe kabla ya mtoto. Shosho hakuona shida yoyote hapo. Kwetu mvua ilinyesha mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna mahali mvua hainyeshi hivyo.

Au tuseme mmoja alituambia.

Ng'ambo ya ua wa waya aliishi mama mmoja, mwenyeji wa upande huu. Mume wake alikuwa amemkamulia mzungu ng'ombe miaka mingi, na walikuwa wamepata kipande chao pembeni mwa shamba. Baba alituambia tuwe na adabu kwa watu wale lakini tusizoeane sana, kwa maana hatujui mioyo yao juu ya shamba hili. Kwa hiyo tulisalimiana kwa mbali.

Wiki zile mama yule alikuwa anahangaika na mboga kama mtu anayejiandaa kwa vita. Asubuhi alichuma saga, ile mboga chungu yenye majani kama vidole, akaichemsha kwenye chungu kikubwa, akaikamua maji, akaitandaza juani juu ya magunia. Gunia lilipojaa akatandaza juu ya paa. Alianika saga, akaanika majani ya kunde, akaanika majani ya maboga. Nyumba yake yote ilikuwa ya kijani.

Shosho aliona kichekesho kikubwa. "Mboga inaanikwa kama nguo," alisema. "Kwa nini asipande nyingine? Watu wengine ni wavivu mpaka wanahifadhi majani." Mimi nilicheka pia. Mama peke yake hakucheka, lakini mama siku zile alikuwa anachoka hata kwa kucheka.

Tulilima kipande nyuma ya nyumba, shosho na mimi. Malisho yale hayakuwa yamewahi kuguswa na jembe, na mizizi ya nyasi ilishikana kama mkeka. Jioni nilikuwa siwezi kukunja vidole. Shosho alipiga mistari yake, akaweka kunde huku, maboga kule, na mahali pazuri penye jua akatenga pa njahi. Tulikuwa tunatoboa mashimo pale mama wa ng'ambo alipokuja hadi kwenye ua na kushika waya kwa mikono miwili.

"Mama," alimwambia shosho, "hiyo mbegu weka. Mvua iko karibu kuisha."

"Mvua gani inaisha na Oktoba haijaingia?" shosho akamuuliza. Kiswahili chao kilikuwa kibovu wote wawili, lakini walielewana.

"Huku hakuna mvua ya Oktoba. Huku iko moja tu. Inaanza mwezi ya tatu ama ya nne, inanyesha mpaka sasa, basi. Ngoja mwaka ingine."

"Asante, mama," shosho alisema kwa adabu yote, akainama na kuendelea kutoboa mashimo.

Mwanamke yule akarudi kwa saga yake. Alipokuwa mbali shosho alinong'ona, "Umemsikia? Anataka tukae na njaa, halafu turudi tulikotoka. Mvua ni ya Mungu, huyu atajua aje itaisha lini?" Akamwaga mbegu zote mashimoni. Nilishika kibuyu mwenyewe na kukigonga mgongoni ili majivu yatoke, na hakikubaki na hata njahi moja.

Na mvua ikanyesha. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo hadi leo. Ilinyesha jioni moja, ikanyesha kesho yake, na wiki iliyofuata ikatupa manyunyu. Ingekuwa haikunyesha kabisa, mbegu zingelala ardhini zikisubiri Machi, na pengine nyingine zingeamka. Lakini zilidanganywa kama sisi. Njahi ziliota zote, mistari iliyonyooka, kila mche umebeba majani mawili manene. Shosho alikwenda hadi kwenye ua na kukohoa kwa sauti ili mama wa ng'ambo atoke nje aone. Mama yule alitoka, akaona, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugeuza mboga zake.

Baada ya hapo mbingu ilifungwa. Novemba ilikuja na upepo, Desemba na baridi ya asubuhi iliyochoma majani ya maboga yakawa meusi. Udongo uligeuka vumbi, na vumbi likaingia kwenye chai. Tulichota maji mtoni, shosho debe, mimi ndoo, tukamwagia njahi peke yake. Kunde tuliziacha zife. Maji yale yalizama kabla hujainua ndoo. Njahi zilifika magotini, zikaacha kukua. Chache zilijaribu kutoa maua ya zambarau, na upepo ukayapeperusha. Nilianza kuzichukia kwa namna mtu anavyomchukia mgonjwa asiyepona. Shosho alizifunika kwa nyasi, akazikinga na matawi ya mikaratusi, akazisemesha kwa sauti ya chini. Siku moja baba alimwambia aache, anajiua bure na maji yale. Aliinua debe lake akarudi mtoni. Aliacha siku mto wenyewe ulipobaki vidimbwi vya kunyweshea ng'ombe.

Siku hiyo alipita mistari yote, akang'oa kila shina na kukagua kama kuna ganda lolote. Hakupata. Alirudi ndani na kuketi karibu na moto, na kile kibuyu kitupu kikiwa juu yake mahali kilipozoea kuning'inia ili moshi ufukuze wadudu. Uso ulikuwa umemshuka. Sikuwa nimemwona hivyo, yeye aliyekuwa akitusimulia habari za kuchomewa nyumba huku akicheka.

Mama alijifungua mapema kuliko tulivyotarajia, kabla mvua haijarudi. Alipata msichana mdogo mwembamba, na maziwa hayakutoka. Baba alikwenda mjini, akarudi na mkebe wa njahi kutoka duka la mtu wa kwetu. Shosho alizimimina kwenye ungo na kuzigeuza. Zilikuwa kuukuu, nyingi zimetobolewa na wadudu. Alizichagua, akazichemsha tangu asubuhi hadi jua likatua, akaongeza kuni na kuongeza maji, na zikakataa kuiva. Mama aliweka moja mdomoni, akaitafuna kwa heshima, kisha akaitoa na kuificha kiganjani. Shosho aliiona.

Mtoto alilia usiku ule na asubuhi yake. Watu wa ng'ambo walisikia, kwa maana mama yule alikuja bila kuitwa, na safari hii hakusimama kwenye ua. Aliingia ndani akiwa amebeba chungu. Ndani yake mlikuwa na saga ile tuliyoicheka, imelowekwa, imepikwa, imetiwa maziwa na siagi ya ng'ombe wake. Alimwambia mama, "Kula yote. Kesho naleta ingine."

Mama alikula. Alikula kwa haraka, kwa mkono, na machozi yakimtoka, bila kumtazama mama mkwe wake. Shosho aliinuka, akaenda kuketi nje ukutani. Nilimfuata, nikamkuta ameweka mikono mapajani imelegea, kama mtu aliyesahau alichokuwa akishona.

"Alinieleza ukweli," aliniambia. "Miaka yote ile hata sikudondosha moja. Kisha nimefika kwangu nikazimaliza."

Niliketi kando yake.

Maziwa yalikuja, na dada yangu aliishi. Ana wajukuu sasa. Mama wa ng'ambo alileta chungu chake kila siku hadi mboga zake za kuanika zikakaribia kwisha, na mvua ya kweli ilipoanza alileta kifuko cha mbegu za saga, nyeusi, ndogo kama chembe za baruti. Baba alimwambia shosho kwamba atatuma mtu nyumbani amtafutie njahi nyingine. Shosho alimwambia asisumbuke. Za mama yake hazikuwa kwa mtu mwingine yeyote. Dada zake waliogawana naye walikuwa wamekufa katika kile kijiji chenye handaki.

Alipanda saga wakati aliofundishwa. Mwisho wa mvua alichemsha, akakamua na kuanika juu ya mabati yetu, na watu wa kampuni waliopita njiani wakamcheka kama alivyokuwa amecheka yeye. Hakuwajali. Mbegu alizikausha, akazitia katika kile kibuyu.

Ijumaa moja nilimkuta ameketi mlangoni akishona. Mama alikuwa karibu naye ananyonyesha. Shosho alikuwa amegeuza upindo wa nguo na kuutia mbegu za saga kidogo kidogo, na sasa alikuwa anaziba kwa mishono ya karibu karibu ili zisivuje.

"Mama, kwani tunaenda wapi?" mama alimuuliza.

"Hakuna mahali tunaenda."

"Si ulisema hapa ni kwetu?"

"Nilisema," alijibu shosho, akakata uzi kwa meno.

Aliikunjua nguo ile na kuikung'uta, na ndipo nilipoona kwamba halikuwa gauni lake. Lilikuwa langu, lile la buluu la kanisani. Aliniita nijaribu. Niliogopa, kwa maana nilijua upindo wenye mbegu ni wa mtu anayeweza kuhamishwa, nikamwambia bado linanitosha vizuri, halihitaji kujaribiwa, lakini alinivuta na kunivalisha mwenyewe, akanigeuza nyuma na mbele, akavuta upindo ukae sawa. Nililivaa Jumapili ile. Njia yote ya kwenda kanisani upindo ulikuwa ukinigonga miguuni.