Jaketi Lisilo la Mwalimu

Kwa miaka thelathini na minne Vinzenz hakuwahi kuchagua jaketi. Chuo cha skii cha kijijini, cha kufundisha kuteleza thelujini, kilimpa jekundu kila msimu, kama walimu wenzake wote, na mlimani wekundu ule ulikuwa na maana moja tu: mfuateni huyu. Wageni walimfuata. Hata akienda kunywa supu, wanane walikuwa nyuma yake, mstari umenyooka.

Sasa amestaafu, jaketi amelirudisha, na mkewe Notburga ameomba kitu kimoja: Jumapili wateleze wawili tu. Hawajawahi.

"Fungate je?" Vinzenz aliuliza wakielekea dukani kununua jaketi jipya.

"Fungate tulishuka na Waholanzi watano."

Dukani, Ottilie mwenye duka alimletea la manjano.

"Hilo ni la waokoaji," Notburga akasema. "Ataletewa kila goti lililoteguka."

"La buluu?"

"La waendesha viti vya kamba, vile vya kupandia mlimani. Ataulizwa wanafunga saa ngapi."

"Basi jeupe."

Vinzenz akaguna. "Nikianguka na jeupe, mtaniokota Aprili, theluji ikiyeyuka."

Likabaki la zambarau, lenye maua mabegani. Vinzenz alilitazama kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu. Lakini zipu yake ilikuwa imara, na mishono imezibwa maji yasipenye. Akalivaa.

"Umekuwa zulia," Notburga akasema, ameridhika. "Nani atafuata zulia?"

Ila jaketi halipimwi mtu akiwa wima. Vinzenz akasimama mbele ya kioo, akakunja magoti, akapeleka mikono mbele, akaegemea kushoto, kisha kulia, aone kama mgongo utabaki wazi. Na kwa mazoea, mdomo ukafuata mwili: "Uzito mguu wa nje. Tazama mbele, usitazame miguu."

Notburga akageuka. Nyuma ya mumewe, kati ya soksi na kofia ngumu, mama mmoja mgeni alikuwa amekunja magoti. Nyuma yake, bwana mwenye kiatu kimoja. Nyuma ya huyo, wachumba wawili. Wote wameegemea kulia.

"Bwana mwenye kiatu kimoja," Vinzenz akasema akimtazama kiooni, "makalio ndani."

Bwana akayarudisha ndani.

Ottilie alijificha nyuma ya glavu. Notburga hakucheka. Aliutazama uso wa mumewe ulivyong'aa juu ya maua yale mabaya, na kitu kikamlegea moyoni. Rangi haikuwa na kosa. Hata angevaa gunia, wangemfuata.

"Kesho," akasema, "tunapanda na kiti cha kwanza kabisa, wageni wakiwa bado kwenye mayai yao ya asubuhi. Saa mbili za mwanzo ni zangu. Baada ya hapo wakuchukue."

"Na jaketi?"

"Hilohilo. Nikupate kwenye kundi."

Kisha akampita bwana wa kiatu kimoja, akamgusa mama mgeni begani. "Samahani dada, hapa pana mwenyewe."

Akasimama nyuma ya mumewe, wa kwanza mstarini, akakunja magoti.