Vidonge vya Goti

Mtaani walimwita Mama Cheti, na aliyembandika jina hilo hakukusudia kumsifu. Duka lake la dawa lilikuwa na pande mbili. Mbele, kwenye rafu za wazi, zilikaa dawa ambazo mtu mzima yeyote aliruhusiwa kununua: za kichwa, za kiungulia, za mafua, za kupaka. Nyuma ya kaunta palikuwa na kabati la kioo lenye kufuli, na humo zilikaa zile ambazo sheria haikuruhusu zitoke bila cheti cha daktari. Kumwomba antibiotiki bila cheti ilikuwa sawa na kukamua jiwe.

Watu walijaribu bahati yao. Fundi seremala aliwahi kumletea pakiti tupu ya jirani yake. "Nipe kama hizi. Mwenzangu zilimponya."

"Zilimponya nini?"

"Hilo sikumuuliza."

"Basi wewe kamuulize daktari. Mimi nipo tu, sihami."

Wifi yake naye alitaka vidonge vinne "vya kuanzia", akanyimwa, akanuna wiki nzima. Wakaguzi walikuwa na tabia ya kuja bila hodi, na duka moja la jirani lilishafungiwa kwa kuuza dawa za cheti kama karanga. Lakini tusimsingizie, si wakaguzi aliokuwa akiwaogopa. Aliwahi kumwona mtoto aliyepewa nusu dozi na wazazi wake, homa ikaondoka kisha ikarudi na hasira zake zote, na hakutaka kuona tena.

Upande wa mbele wa duka, hata hivyo, mkono wake ulikuwa mwepesi, hasa kwa mama mkwe.

Mama mkwe hakumtaka tangu mwanzo. Alitaka mwanawe aoe mwalimu. Alipoletewa muuza dawa, hata chakula cha harusi alikidonoa tu. Kwa miaka mingi wakaishi kwa salamu za kupita. Kisha goti la yule bibi likaanza kumtesa, na Mama Cheti akampa vidonge vya maumivu, ibuprofeni, kutoka rafu ya wazi. Goti likatulia, na ulimi nao ukalainika. Tangu hapo kila Ijumaa bibi alipita dukani, akapiga soga mpaka jua likawa kali, akaondoka na pakiti kwenye pochi. "Mkwe wangu ana roho nzuri," aliwaambia majirani, na Mama Cheti akisikia hivyo aliona raha kuliko faida ya mwezi mzima.

Ila bibi alikuwa na presha pia, nayo ilikataa kushuka. Dawa zake za presha alizimeza bila kukosa. Daktari akaongeza dozi, akaongeza na dawa ya pili, presha ikabaki pale pale. Halafu vipimo vikaonyesha kwamba hata figo zimeanza kuchoka. Safari hiyo Mama Cheti akafunga duka, akamsindikiza kliniki, roho mkononi.

Daktari, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alimimina mfuko wa dawa mezani, akazipitia moja moja. "Kuna dawa nyingine unayotumia, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Ni hizi tu."

Kwa jinsi alivyojua, alisema kweli. Kwake dawa ilikuwa ile iliyoandikwa na daktari. Vile vya Ijumaa vilikuwa zawadi ya mkwe, na nani huenda kliniki kutaja zawadi?

Ibuprofeni ikimezwa mfululizo hupandisha presha na kuumiza figo, na hilo Mama Cheti alilijua vizuri, lilikuwa limeandikwa hata ndani ya boksi. Lakini kila mara bibi alipoingia dukani, yeye hakuona mgonjwa wa presha. Aliona mtu ambaye alitamani apendwe naye.

"Kuna vya goti," akasema.

Bibi akamkata jicho, kisha akamgeukia daktari haraka. "Hivyo huwa najinunulia mwenyewe huko barabarani."

Hakuwahi kumtetea mkwe wake mbele ya mtu, na leo alikuwa anadanganya kwa ajili yake. Mama Cheti angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo.

"Si barabarani, daktari. Nampa mimi. Ibuprofeni, kila siku, huu ni mwaka wa pili. Duka ni langu."

Daktari hakumfokea. Alisema dawa kuuzwa bila cheti si kwamba haina meno. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kujitibu nayo siku chache akifuata maelekezo, na zikizidi hapo, nayo inataka jicho la daktari. "Tuviache kwanza. Mwezi ujao tupime tena kabla sijaongeza chochote. Goti tutalitafutia njia nyingine."

Ijumaa ikafika, bibi hakuja. Iliyofuata, vilevile. Mama Cheti alijiona mkosaji pande zote mbili: alimdhuru, na sasa hana hata cha kumpa. Akawa anamuuliza kila mnunuzi wa vidonge vya maumivu kama ana presha, kama ana vidonda vya tumbo, kama anameza kitu kingine, mpaka seremala akalalamika kwamba sasa hata kuumwa kichwa kuna mtihani.

Siku ya vipimo mumewe, aliyekuwa amempeleka mama yake, akapiga simu kutoka kliniki. Presha ilikuwa imeshuka, figo zinapata nafuu, na dawa haikuongezwa. Mama Cheti akaketi juu ya boksi la dawa za kikohozi, akalia mbele ya wateja.

Ijumaa, bibi akaingia akichechemea, akaushika mlango kwa mkono mmoja. Mama Cheti akamkimbilia na kiti.

"Shikamoo, mama. Vidonge sina vya kukupa. Leo wala siku nyingine."

"Marahaba. Goti ndilo lililonizuia, si mimi." Bibi akajishusha kitini taratibu, akavuta pumzi, kisha akamtazama usoni. "Kwani wewe, mwanangu, siku zote hizo ulidhani nafuata vidonge?"